Kanisa na Shule ya Serikali ya Jirani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mtwara na Lindi

Maswali haya huniuliza wazee wa kanisa, akina mama wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), wanakwaya na wainjilisti kila ninapokaribishwa kuzungumza habari za shule. Nimefundisha shule za msingi za serikali kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza pwani ya Lindi, kisha uwanda wa juu wa Makonde. Sasa nimestaafu, ni mzee wa kanisa. Majibu ninayotoa yametokana na pande hizo mbili za maisha yangu.

## Mambo ya kuanzia

Elimu ni bila ada. Kanisa linakwenda kufanya nini kwenye shule ya serikali?

Ni kweli, tangu Januari 2016 hakuna ada kuanzia awali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaongezwa mpaka kidato cha sita. Serikali inalipa mishahara na inapeleka ruzuku ya uendeshaji. Lakini ruzuku inahesabiwa kwa idadi ya wanafunzi. Shule ya kijijini yenye watoto mia moja na hamsini inapata kidogo, ilhali paa lake linavuja sawasawa na la shule yenye watoto elfu moja. Na sare, madaftari, uji na taulo za kike bado ni mzigo wa nyumbani.

Kuna sababu nyingine. Huku kwetu kanisa na shule ni ndugu wa siku nyingi. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Masasi mwaka 1876, Wabenediktini wakaanza Ndanda mwaka 1906, na kila walipojenga kanisa walijenga na darasa. Sheria ya Elimu ya 1969 ilipozifanya shule za misheni kuwa za serikali, shule kama Chidya na Ndanda zikawa za taifa zima. Undugu ule ubaki, lakini umiliki haupo tena. Ukiingia shuleni unaingia kama jirani.

Tuanzie kwa nani?

Kwa mwalimu mkuu, au mkuu wa shule kama ni sekondari. Peleka watu wawili tu siku ya kazi, baada ya vipindi, na msiende na ahadi yoyote. Ulizeni, "Mwalimu, hapa mnasumbuliwa na nini?" Kisha ombeni kuzungushwa. Mtaona mengi ambayo mwalimu hakuyataja kwa sababu ameshayazoea.

Baada ya hapo jambo liende kwenye kamati ya shule (sekondari ni bodi), mtendaji wa kijiji au mtaa ajue, na Afisa Elimu Kata ajue. Kama kuna ujenzi au mchango utakaowagusa wazazi, mwalimu mkuu ataandika kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Msimruke mwalimu mkuu mkaanzia wilayani kwa kuwa mchungaji anafahamiana na mkubwa fulani. Shule itapokea msaada, lakini mwalimu mkuu atakuwa amedhalilishwa, na yeye ndiye mtakayefanya naye kazi kila wiki.

Usharika wetu hauzidi watu hamsini, na wengi ni wakulima. Tunaweza nini?

Mnaweza mengi, maana mahitaji mengi ya shule ni mikono kuliko fedha: seremala siku moja kwa mwezi, mama wawili wa kupika uji, mstaafu mmoja wa kusikiliza watoto wakisoma. Chagueni jambo moja mlifanye mwaka mzima. Shule imechoka na wageni wa siku moja.

## Walimu

Kwa nini unasisitiza tuanze na mwalimu, wakati darasa halina madawati?

Kwa sababu dawati halihami.

Kila mwaka walimu wapya wanapangiwa huku kusini kutoka Kagera, Mbeya, Mara, Kilimanjaro. Mmoja nilimpokea mwenyewe. Alishuka kwenye basi saa moja jioni, mvua inanyesha, godoro limefungwa kwa kamba ya katani, ndoo moja mkononi, na ndani ya ndoo vyeti vyake vimeviringishwa kwenye mfuko wa nailoni. Hakumjua mtu. Nyumba ya mwalimu ilikuwa imekaliwa na popo. Usiku ule alilala ofisini juu ya meza mbili zilizounganishwa, na asubuhi aliniuliza swali moja tu: "Mzee, hapa maji mnanunua wapi?"

Uwanda wa juu, Newala na Tandahimba, maji ni shida ya vizazi na vizazi. Mgeni asiyejua kisima kipi kina maji wala bei ya ndoo anaweza kumaliza wiki ya kwanza akiwa ameshaanza kuwaza barua ya uhamisho. Akiondoka, na yeye ndiye pekee anayefundisha hisabati, watoto wanakaa bila mwalimu hadi apatikane mwingine.

Hapo kanisa linaweza kufanya kazi ambayo bajeti ya serikali haiifikii. Tafuteni chumba safi kabla hajafika. Wekeni ndoo mbili za maji, jiko na mkaa. Mpeni mtu wa kumpeleka gulioni Jumamosi na kumwonyesha duka linalokopesha kwa uaminifu, maana mshahara wa kwanza mara nyingine huchelewa. Mwalikeni kula. Yule wa godoro akina mama walimpelekea ugali wa muhogo na kisamvu kwa zamu siku tano. Alikaa miaka kumi na moja.

Je, tunaweza kumpa mwalimu fedha?

Mwalimu mmoja mmoja mkononi, hapana. Ni mtumishi wa umma, na bahasha ya siri inaleta maneno: kwa nini yule na si huyu, na mtoto wa mzee wa kanisa amepataje alama zile. Fanyeni mambo yanayowagusa wote na yanayoonekana: kukarabati nyumba za walimu, chakula cha mchana wakati wa kambi ya darasa la saba, au kuwaandalia chai tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani. Msimsahau mlinzi na mpishi.

Walimu wa kujitolea ni suala tofauti. Vijana hawa wamehitimu, hawajaajiriwa, wanafundisha kwa posho ndogo au bila chochote. Kuchangia posho yao ni jambo jema, mradi ipitie kamati ya shule, iandikwe, na Halmashauri iwe inawatambua.

Mwalimu si wa dhehebu letu, au ni Mwislamu. Tumsaidie pia?

Ndiyo. Mwalimu anawafundisha watoto wenu bila kuuliza wamebatizwa wapi.

## Watoto

Tunataka kuanzisha uji shuleni. Tujiandae vipi?

Nimeona programu nyingi za uji zikifa, na karibu zote hazikufa kwa kukosa unga. Zilikufa kwa kukosa kuni, maji na mpishi. Kwa hiyo kabla ya kununua gunia la kwanza, mjue nani analeta kuni, maji yanatoka wapi, na mpishi analipwa nini. Kamati ya shule iamue pamoja na wazazi, kwa sababu wao ndio watakaoendeleza.

Njaa ya huku ina majira yake. Januari hadi Machi chakula cha mwaka jana kimekwisha na cha mwaka huu bado kiko shambani. Ndiyo miezi mtoto anakuja shuleni hajala kitu tangu jana usiku, anasinzia saa nne. Mbaazi zinavunwa kuanzia Julai na bei inakuwa chini. Kanisa linunue wakati huo, likaushe vizuri, lihifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili zisibunguliwe, na Januari lifungue. Uji wa mahindi na bakuli la mbaazi mara mbili kwa wiki unabadilisha darasa. Mwalimu ataona mwenyewe kwenye daftari la mahudhurio.

Kumbukeni mko Mtwara na Lindi. Watoto wengi, na katika vijiji vingi wengi zaidi, ni Waislamu. Kama siku ya sherehe kuna nyama, achinje Mwislamu, na masufuria yasiwe yametumika kupikia nguruwe. Mwezi wa Ramadhani mwulizeni mwalimu mkuu ratiba ikaeje; wadogo wasiofunga bado wanahitaji uji, na wanaofunga wasiketishwe mbele ya sufuria.

Tunagawa vipi sare na madaftari bila kuwaaibisha watoto?

Orodha iandaliwe na walimu wa madarasa, si na kanisa, na vitu vitolewe ofisini mmoja mmoja. Msiwapange mstari mbele ya wenzao wakapiga makofi. Mtoto anakumbuka siku hiyo maisha yake yote, na hakumbuki vizuri.

Na msiweke alama ya kanisa. Hili tulijifunza kwa machungu. Mwaka mmoja usharika wetu ulipeleka madaftari yaliyopigwa mhuri wa kanisa nyuma ya jalada. Tulifurahi sana. Kesho yake asubuhi mzee mmoja, jirani yangu wa miaka mingi, alikuja na madaftari manne ya wajukuu zake ameyafunga kwenye kitambaa, akayaweka kwenye kibaraza changu taratibu. Akasema, "Mwalimu, sina neno. Lakini mngetuambia kwanza." Alikuwa sahihi. Tulinunua mengine matupu, na mimi mwenyewe nikampelekea nyumbani kwake.

Tunaweza kufundisha masomo ya ziada?

Ndiyo, kama shule imeomba na mnafuata inachofundisha. Msaada unaohitajika zaidi si kwa darasa la saba, ingawa wote wanalikimbilia hilo. Uko chini, la kwanza na la pili, kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Kijijini watoto wengi wanaanza shule wakiongea Kimakonde, Kimwera au Kiyao, na Kiswahili wanakisikia sokoni tu. Bibi anayekaa nao nusu saa, akawasimulia kwa lugha yao kisha kwa Kiswahili, halafu akawaonyesha neno lile limeandikwaje, anafanya kazi kubwa kuliko anavyodhani.

Masharti machache: mfundishie shuleni, si kanisani, ili mzazi yeyote amruhusu mtoto wake. Watu wazima wawe wawili au zaidi, milango wazi, hakuna kubaki na mtoto peke yake wala kumwita nyumbani. Majina ya wanaojitolea yawe ofisini kwa mwalimu mkuu.

Kanisa linaweza kusema lolote kuhusu jando na unyago?

Linaweza, likizungumza kwa heshima. Walimu wa mikoa mingine huja hapa wakidhani unyago ni adui wa shule. Mimi nimezaliwa ndani yake na sisemi hivyo. Ndiyo shule ya kwanza ya watu wetu, na ina mafundisho ya adabu, usafi na kuheshimu wakubwa. Askofu Vincent Lucas, aliyeliongoza jimbo la Masasi la Anglikana kuanzia 1926 hadi 1944, aliona hivyo pia, akajaribu kuliingiza jando katika maisha ya Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Watu wanabishana mpaka leo kama alifaulu, lakini alianza kwa kusikiliza.

Shida zetu leo ni mbili. Ya kwanza ni kalenda. Sherehe zinafanyika likizo za Juni na Desemba, lakini wali, yaani watoto walioko jandoni au unyagoni, wakichelewa kutoka, shule inafunguliwa bila wao. Wiki mbili zikipita mtoto ameachwa nyuma, mwingine harudi kabisa. Ya pili ni umri. Binti wa miaka tisa akifundishwa mambo ya unyumba, akitoka anajiona mwanamke, na wanaume nao wanamwona hivyo.

Wazee wa kanisa wakae na makungwi na manyakanga, wanaoongoza mafunzo hayo, mapema, mwezi wa tano na wa kumi, pamoja na mwalimu mkuu, wakubaliane tarehe ya kutoka na yanayofaa kwa umri gani. Wengi wa makungwi hao wanasali kanisani kwenu au msikiti wa jirani. Msiwatangazie vita kwenye mahubiri. Ngoma itahamia porini na hamtajua tena kinachoendelea.

## Fedha, vifaa na majengo

Tuchangishe wakati gani?

Fuateni msimu wa zao linalolimwa kwenu. Kwenye korosho, chukueni ahadi Septemba, kabla ya minada, na mkusanye Novemba na Desemba malipo yanapoingia kupitia AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima. Ahadi ya kilo ni rahisi kuliko ya shilingi: mtu anasema "kilo kumi" na anazitoa. Kwenye ufuta, kama sehemu kubwa ya Lindi, fedha zinaonekana kuanzia Juni. Harambee ya Februari huku ni kuwatesa waumini.

Fedha zipitie wapi?

Zipitie akaunti ya shule, na shule itoe stakabadhi. Vitu viingizwe kwenye leja ya vifaa vya shule na kuwe na hati ya makabidhiano yenye sahihi za mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kamati na mwakilishi wa kanisa. Kisha taarifa isomwe mara mbili: kanisani, na kwenye mkutano wa kijiji. Kusoma kijijini kunawaondolea walimu tuhuma, na kunawatia moyo majirani kuchangia.

Mchango wa mzazi unabaki wa hiari. Jina la kanisa lisitumike kamwe kumzuia mtoto kuingia darasani kwa sababu mzazi hajatoa.

Tujenge nini kwanza?

Mara nyingi jibu ni: msijenge, tengenezeni. Nyuma ya shule nyingi kuna lundo la madawati mabovu, na watoto wameketi chini. Siku moja tulilipangua lundo la namna hiyo na mafundi wawili wa kwaya. Fremu za chuma zilikuwa nzima; kilichokufa ni ubao wa kukalia na misumari. Mtoto mmoja wa darasa la tatu alisimama akitutazama tangu mapumziko, amekumbatia daftari lenye vumbi la sakafu. Tulipomaliza la kwanza alikaa, akapitisha kiganja juu ya ubao ule mpya, akakaa tu, hakuandika kitu. Hadi jioni tulikuwa tumetengeneza madawati ishirini na mawili kwa gharama ya mbao, misumari na chakula cha mchana.

Baada ya madawati, vyoo. Kiwango cha taifa ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Hesabuni ya shule yenu mtaona. Ongezeni chumba cha wasichana kujistiri chenye maji na mlango unaofungwa kwa ndani. Uwanda wa juu, gata na simtanki la kukinga maji ya mvua vitafaa kuliko darasa jipya.

Mkiamua kujenga, chukueni ramani kwa mhandisi wa Halmashauri kabla ya kuchimba msingi. Kawaida wananchi hufikisha boma usawa wa lenta na Halmashauri hupaua, lakini iwe imeahidi kwa maandishi na jengo liwe kwenye mpango wake. Maboma yaliyoota magugu yapo kila kata, na kila moja ni jasho la watu waliodhani bati litakuja lenyewe.

## Mipaka na mambo magumu

Tunaruhusiwa kuhubiri shuleni?

Vipindi vya dini vipo kwenye ratiba, na kila dini inapeleka mwalimu wake kwa watoto wake. Itumieni nafasi hiyo vizuri. Makanisa mengi yanaiacha tupu wiki baada ya wiki. Nje ya hapo, hapana. Katiba, ibara ya 19, inalinda uhuru wa kila mtu kuabudu, na mtoto mwenye njaa hayuko huru kumkatalia anayeshika upawa. Uji usiwe na sharti wala kijitabu. Kuhusu alama za kanisa kwenye vifaa, tazama swali la sare na madaftari.

Msikiti wa kijiji umeomba tushirikiane. Tukubali?

Kwa mikono miwili. Kamati moja, leja moja, stakabadhi moja. Kazi nyingi nilizoziona zikidumu huku kusini zilikuwa za namna hii, maana hata kanisa likichoka, pana mwingine wa kushika.

Binti wa kwaya amepata mimba akiwa kidato cha pili. Shule itampokea tena?

Ndiyo. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi walioacha shule, wakiwemo waliojifungua, kurudi kwenye mfumo rasmi. Kinachomzuia mara nyingi ni aibu, na nani abaki na mtoto. Akina mama wa kanisa wanaweza kumaliza yote mawili: wapange zamu ya kulea, na mama mmoja anayeheshimika amsindikize siku ya kwanza hadi ofisini. Na kanisa lisimtenge. Haiwezekani serikali imfungulie mlango na sisi tumkalishe benchi la nyuma. Kama aliyempa mimba anajulikana, hilo ni kosa la jinai. Lipelekwe polisi na ustawi wa jamii, wala lisimalizwe kwa mbuzi wawili chini ya mwembe.

Tumegundua mwalimu anawapiga watoto kupita kiasi, au haonekani darasani.

Msimtaje madhabahuni. Kanuni za 2002 zinasema kiboko hutolewa na mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha kwa maandishi, visizidi vinne, na adhabu iandikwe. Nendeni kwa mwalimu mkuu, kisha Afisa Elimu Kata. Zaidi ya hapo kuna Tume ya Utumishi wa Walimu. Mtoto akiumizwa au akifanyiwa ukatili wa kijinsia, msisubiri ngazi hizo: hospitali na dawati la jinsia la polisi siku hiyohiyo. Kwa mtoro, ulizeni kwanza anaishi wapi na anakula nini. Nimewaona "watoro" wawili waliokuwa wakitembea kilomita kumi na mbili kwa sababu kijijini hapakuwa na chumba.

Rafiki wa kanisa aliyeko Ulaya atasaidia, lakini anataka picha za watoto.

Mpeni picha ya madawati, tangi na mbaazi kwenye mifuko. Picha ya mtoto inahitaji ridhaa ya mzazi na ya shule, na hata ikipatikana, asipigwe akiwa amevaa matambara au analia. Akisema bila sura za watoto hatoi, mwacheni abaki na fedha zake.

Tulianza, sasa hatuwezi kuendelea. Tunajitoaje?

Mwambieni mwalimu mkuu walau muhula mmoja kabla, uso kwa uso. Kwenye kamati ya shule tajeni wazi ni kipi kinakoma na lini, ili wazazi wajipange kabla ya Januari. Masufuria, mifuko na vifaa vya useremala vibaki shuleni, viandikwe kwenye leja. Kama kuna mwalimu mliyempangia chumba, kodi yake iwe imelipwa hadi mwisho wa mwaka.